Mwaka Kambale Alipokosa Sahani ya Kuleta

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, siku ya Jumatatu, Masika alipotoka katika nyumba ya mume wake huko Kimemi, mjini Butembo, mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi, akapanda nyuma ya pikipiki na kwenda kwa wazazi wake Vuhovi. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ilikuwa inaanza habari, nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu uani, mswaki mdomoni. Hakuna aliyelia wala kupaza sauti. Mume wake, Kambale, aliufunga mfuko kwa kamba ya mpira, akauvuta kuona kama umekaza, akamwambia mwendeshaji aende polepole penye matope, kisha akarudi ndani. Mpita njia angedhani mwanamke anakwenda sokoni. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kabla mwaka huo haujaisha Kambale alikuwa amejiua, na mimi nilikuwa nimepata swali ambalo sijaliacha mpaka leo, kichwa kikiwa kimejaa mvi: inakuwaje mtu mwenye kazi, mwenye nyumba, aliyezungukwa na majirani wanaompenda, afe kwa upweke?

Sikupanga kuandika sura hii. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwenye matanga Mulekera, hapa Beni, kwa familia ya dereva wetu mmoja wa zamani. Nilikaa chini ya turubai pamoja na wanaume wengine, kila mmoja na kiti chake cha plastiki, na mama mmoja mwembamba aliyekuwa anagawa chai akasimama mbele yangu, akaniangalia sana, akasema, "Si wewe ni Yusufu? Yusufu wa mu annexe?" Uso wake sikuutambua. Nilimtambua kwa jinsi alivyolitamka jina langu, akiivuta silabi ya katikati kama zamani aliponiita uani nije nichukue maji ya moto. Alikuwa Masika. Sikuwa nimemwona tangu siku ya mazishi ya mumewe. Aliyoniambia jioni ile nitayaweka mahali pake. Kwanza ni lazima nieleze ile nyumba, kile chakula na yale maneno, kwa utaratibu, maana bila hayo mtu hataelewa jinsi watu wema walivyomwacha mwenzao apotee mbele ya macho yao.

Mjomba wangu alikuwa na lori lililofanya safari kati ya Beni na Butembo. Alinituma Butembo nipokee mizigo, niihesabu, nisimamie upakiaji. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Kambale, kile wanachokiita annexe, chenye dirisha dogo lililotazama jiko lao la nje. Kambale alikuwa mwokaji mikate. Alitoka jioni, akarudi asubuhi, unga ukiwa umemkaa kwenye nyusi, na kwa kuwa chumba changu na jiko vilitenganishwa na hatua chache tu, nilijua maisha ya nyumba ile kwa harufu kabla sijayajua kwa macho: maharage yenye vitunguu vya majani asubuhi, sombe, yaani majani ya muhogo, mchana, na samaki wa kukaushwa kutoka ziwani siku mshahara ulipoingia. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vya mbao, kabati yenye vioo, na vitambaa vyeupe ambavyo Masika alivifuma mwenyewe na kuvitandika kila mahali, juu ya viti, juu ya redio, hata juu ya chupa ya chai. Walikuwa na binti, Neema, wa miaka minne, na mtoto wa kiume wa miezi saba. Yule wa kiume alikufa kwa homa mwezi mmoja kabla ya asubuhi niliyoanza nayo. Alikufa usiku, baba yake akiwa mbele ya tanuri upande mwingine wa mji, na siku chache baada ya kumzika Kambale alirudi kazini, kwa sababu tanuri lina mwenyewe na mwenyewe hangoji. Masika hakumlaumu kwa sauti. Alisema tu anakwenda kupumzika kwa mama yake. Huko Vuhovi, baba yake aliposikia habari yote, akasema binti hatarudi mpaka watu wa mumewe waje wazungumze. Hilo si neno la ukali. Kwa Wanande, kabila lao, ndivyo inavyofanywa: mwanamume hamfuati mke wake peke yake kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Wenzake humtangulia, wakaketi na wakwe, wakasikiliza, wakaomba, na mke hurudi kwa heshima.

Wenzake walikuwa watu wa kyaghanda. Hilo ni jina la Kinande la mahali pa wanaume pa kukutania na kushauriana. Vijijini ni kibanda chenye moto katikati. Pale kwenye avenyu yetu, yaani mtaa wetu, palikuwa ni paa la mabati juu ya nguzo sita, na mabenchi. Kila Jumapili baada ya ibada wanaume wa avenyu walikusanyika pale, na nyuma ya kila mmoja alikuja mtoto amebeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, kutoka kwa mama wa nyumba ile. Sahani zote ziliwekwa pamoja, bugali wa huyu na mboga za yule, watu wakanawa, wakala, na baada ya kula ndipo mambo yalipozungumzwa: mpaka wa shamba, kijana anayetaka kuoa, mjane wa kusaidiwa ada ya shule. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mtu asiye na sahani asije. Hakuna aliyehitaji kusema. Mimi sikuhesabiwa, kwa kuwa nilikuwa mpangaji, kapera, na Mwislamu juu yake. Waliniita mwana Beni na kunisogezea samaki. "Kula bila woga," Mzee Paluku aliniambia Jumapili yangu ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mahali pale, fundi wa kushona suti, mwenye tumbo na kicheko. "Ile samaki hatukuichinja. Ilikufa yenyewe, mu maji, bila kuuliza dini ya mutu."

Jumapili ya kwanza baada ya Masika kuondoka, Kambale alikuja mikono mitupu. Watu walimsogelea kwenye benchi wakampa nafasi, wakamwekea nyama kubwa, na hakuna aliyetaja lolote. Niliona kwamba alikula kidogo kuliko mimi mgeni. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya tatu alikuja na mikate minne, bado ya moto, ameifunga katika kitambaa cheupe kimojawapo cha Masika, na kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kukibeba, alikibeba mwenyewe. Akaiweka katikati ya sahani za wenzake. Mikate ile ilikuwa mizuri, na naamini ndiyo iliyokuwa chakula kizuri kuliko vyote mezani siku ile. Mzee Paluku akauchukua mmoja, akaugeuza, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Kambale," akasema, "huyu mukate ulimuoa lini?"

Watu wakacheka. Kambale naye akacheka, akajibu, "Bado, Muzee. Tuko mu uchumba kwanza." Wakacheka zaidi. Mmoja akauliza kama mahari italipwa kwa unga. Ilikuwa mizaha ya kawaida ya watu wanaopendana, na nimewasikia wakitaniana kwa maneno mabaya kuliko hayo bila mtu kukunja uso. Lakini Kambale hakurudi tena pale. Miaka mingi baadaye nilikutana na wawili kati ya wale wazee, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili waliniambia jambo lile lile, bila kuulizwa: kwamba siku ile Kambale mwenyewe alicheka.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika taratibu. Kambale alirudi asubuhi akanywa chai akiwa amesimama jikoni, na mkate wa jana uliobaki. Vitambaa vya sebuleni alivifua mwenyewe, ndani, kwenye beseni, amefunga mlango, kisha akavianika ndani pia, juu ya viti, ili majirani wasimwone. Nilipokuwa mjini nilipika wali na maharage na kumwita, naye alikuja, akala vizuri, akauliza habari za lori. Nilimwambia siku moja, nikiwa na ujasiri wa mtu asiyejua anachokigusa, kwa nini asiwaombe watu wa kyaghanda waende Vuhovi.

"Niseme nini, mudogo?" akajibu. "Niende mikono bure, niikale katikati yabo, niseme munirudishie bibi? Bakubwa banajua. Ni bao banapashwa kuniita."

"Mais labda habajue kama unamutaka arudi."

"Habajue? Ata mbuzi ya Paluku inajua."

Nikaenda kwa Mzee Paluku. Alikuwa anapima mabega ya bwana harusi mmoja, sindano mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazitoa sindano, akamwomba mteja asubiri. "Kijana," akasema, "wewe ni mugeni, siwezi kukukasirikia. Huku kwetu hapana kuingia mu mambo ya nyumba ya mutu kama mwenyewe hajasema. Kambale si mutoto. Tukienda kwa bakwe zake bila yee kututuma, tutakuwa tumemuvua nguo mu njia. Siye tunamungoja. Siku atasema, kesho yake asubuhi mapema tuko Vuhovi. Ata mimi na hii mugongo yangu." Alisema kweli. Nilimjua mwaka mzima na sikumwona akiahidi kitu asikitimize. Nilirudi na jibu hilo kwa Kambale, naye akatikisa kichwa na kusema kwamba mzee anasema hivyo kwa sababu mimi ni mgeni. Kama mzee angetaka kweli, angekuja mwenyewe. Baadaye, nikiwa nimesoma kidogo, nilitafuta nani katika habari hii alikuwa mkatili. Sijampata. Kila mmoja alisimama upande wake wa mlango akingoja mwingine aufungue, na kila mmoja aliita kungoja kwake heshima.

Heshima hiyo iliongezeka kila mwezi. Wakati wa mchango wa kuezeka upya lile paa la mabati, waliokusanya waliruka mlango wa Kambale, kwa kuwa, walisema, ana shida zake. Kikundi cha maombi cha kanisani kilichozunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi hakikuja kwake, kwa sababu hapakuwa na mama wa kupokea wageni. Wanawake wa avenyu, ambao zamani waliingia uani bila kubisha kuomba chumvi au kaa la moto, sasa walipita nje, kwani si vizuri mwanamke kuonekana akiingia kwa mwanamume anayeishi peke yake. Walimsalimu kwa sauti ya chini kuliko zamani, kama watu wanaomsalimu mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyetaka kumtenga. Kila mmoja alimwondolea mzigo mdogo, mchango huu, ugeni ule, na mwishowe hapakubaki mtu hata mmoja mwenye sababu ya kugonga mlango wake.

Mwezi wa kiangazi nilimshawishi achukue ruhusa ya siku tatu aje nami Beni juu ya lori. Nyumbani kwa mjomba, wakati wa kula, wanaume wote huketi mkekani kuzunguka sinia moja, na mtu akiingia anasogezewa nafasi bila kuulizwa ametoka wapi wala ameleta nini. Kambale alitazama lile sinia kwa muda kabla ya kunyoosha mkono. Shangazi yangu Zaina, aliyekuwa hana adabu ya kungoja, alisimama juu yetu na birika la maji akamuuliza, "Na bibi yako?"

"Iko Vuhovi, kwabo."

"Anafanya nini kule?"

"Ananingoja. Ao ni mimi namungoja. Sijue tena."

"Hujue? Sasa nani ajue, mimi? Muko na batoto?"

Na Kambale akasema. Alisema habari ya mtoto wa kiume, na ya usiku ule mbele ya tanuri, na kwamba aliyetumwa kumwita alifika wakati mikate iko ndani, naye akasema aitoe kwanza. Sikuwa nimelisikia hilo kabla. Bugali wote ulipoa. Mjomba alinawa mikono akaendelea kukaa. Shangazi aliweka birika chini, akaketi pembeni, na Kambale alipomaliza hakumpa shauri lolote, alimwambia tu, "Pole, mwanangu. Kula sasa." Naye akala. Usiku ule alilala tangu isha mpaka jua lilipotoka, jambo ambalo, alivyoniambia, lilikuwa limemshinda kwa wiki nyingi. Tukiwa njiani kurudi, juu ya magunia ya kakao, alisema mara mbili, kama mtu anayesimulia ajabu aliyoiona sokoni, "Shangazi yako aliniuliza." Akasema pia kwamba Jumapili inayofuata atakwenda kyaghanda, na sahani au bila sahani, aseme. Aliyafanyia mazoezi maneno yenyewe mbele yangu. Yalikuwa mafupi: Bazee wangu, namutaka mama ya mutoto wangu, munisindikize.

Jumapili ile kyaghanda haikukutana. Mzee Paluku alikuwa anamwoza mwanawe, na avenyu nzima ilikwenda kwenye sherehe, wanawake kwa vitenge vya aina moja, wanaume kwa suti ambazo mzee alizishona mwenyewe. Kadi za mwaliko, kama ilivyo desturi mjini, ziliandikwa couple, yaani mume na mke, fulani na fulani. Kambale hakupata kadi. Mke wa Paluku alikuja kunieleza hilo baadaye, analia: walikaa na kadi ile mezani siku mbili, wasijue waandike nini. Kuandika couple ilikuwa kama kumcheka. Kuandika jina lake peke yake ilikuwa kama kutangaza mbele ya watu kwamba hana mke. Basi wakaona ni afadhali wasimtie aibu. Mimi sikuwepo. Lori lilikuwa limepata mzigo Jumamosi na nilikuwa Beni. Siwezi kusema alifanya nini mchana ule, muziki ukisikika kutoka upande wa pili wa avenyu. Najua tu kwamba alivaa shati lake jeupe na viatu vya kanisa, na kwamba mtoto mmoja aliyetumwa nyumbani kuchukua viti vya ziada alimkuta amekaa peke yake kwenye benchi la kyaghanda, akamsalimu, akajibiwa vizuri.

Alijiua Jumatano ya wiki ile. Namna alivyofanya sitaiandika. Haimsaidii aliyekufa wala anayesoma. Na sitaki mtu aseme kwamba kadi ilimuua, au mzaha wa mkate, au kuondoka kwa mke. Mambo hayo, moja moja, watu huyavuka kila siku. Alikuwa amebeba kifo cha mwanawe, usingizi uliokatika, hatia ya saa moja mbele ya tanuri, na alikuwa ameyabeba miezi minane bila mtu wa kushika upande wa pili.

Nilifika siku ya mazishi. Wakati ule, kwenye avenyu ile, kifo cha namna hiyo hakikuliliwa. Hapakuwa na nyimbo wala wanawake kulala chini sebuleni. Mchungaji hakufika. Hakuna moto uliowashwa uani, na aliyeona njaa alirudi kwake akala. Watu wa kyaghanda walichimba kaburi wenyewe, kwa zamu, bila kuzungumza, na jasho likiwatoka niliona kwamba Mzee Paluku alikataa kutoa jembe ilipofika zamu ya mwingine. Masika alikuja na baba yake kutoka Vuhovi. Alimkalisha Neema mapajani, mbali kidogo na watu. Baada ya udongo kusawazishwa, baba yake, mzee mfupi mwenye koti lililomzidi, alimwendea Paluku, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Tulibangoja," akasema yule baba. "Kila siku ya soko nilikuwa nangalia ile njia. Sikuona mutu."

"Na siye tulimungoja yee aseme, Muzee."

"Aseme namna gani?"

"Aseme tu. Kwa kinywa chake."

Baba yake Masika alitazama kaburi. "Jumapili ngapi hakukuya kukula na ninyi?" akauliza. "Ile haikukuwa maneno?"

Mzee Paluku alirudi na jembe lake, akaanza kusawazisha udongo uliokwisha kusawazishwa. Tangu siku ile sikumsikia akitania tena, na mwaka uliofuata kyaghanda ya avenyu ile ilikuwa imegeuka mahali pa kuegesha pikipiki.

Sikusoma zaidi ya sekondari, na hata hiyo sikuimaliza. Lakini niliporudi Beni mwishoni mwa mwaka nilianza kutafuta. Nilinunua vitabu vya Kifaransa vya mitumba vilivyopoteza jalada, nikasoma kwa kamusi, ukurasa mmoja jioni, nikiandika pembeni nisichoelewa. Nilisoma cha utabibu, cha dini, na kimoja cha elimu ya jamii ambacho kilinichukua karibu miaka miwili. Vyote vinakubaliana, katika nchi zilizo mbali nasi kabisa, kwamba walioachana na wenzi wao na waliofiwa nao wamo hatarini kuliko walio katika ndoa, na kwamba kwa wanaume hatari hiyo mara nyingi ni kubwa zaidi. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje. Halafu nikarudi, kwa sababu halikunitosha. Kitabu kinaandika ndoa kama hali ya mtu, kama urefu au umri. Mimi niliona kitu kingine. Katika avenyu ile ndoa haikuwa tu mwanamume na mwanamke chumbani. Ilikuwa sahani iliyomfikisha mwanamume mbele ya wenzake, kaa la moto lililomwingiza jirani uani, jina kwenye kadi. Mke alipoondoka, aliondoka na njia zote ambazo watu walimfikia nazo mumewe. Na nimemwona tangu hapo, mtu wa namna ya Kambale, mara nyingi. Hapa Mulekera, miaka hii ambayo watu wanakimbia vita na magodoro kichwani, wanawake waliopoteza waume hukaa pamoja wakichambua maharage na kulia na kusengenya, na hata msiba wao una kelele. Mwanamume aliyepoteza mke hukaa kwenye jiwe, ameshika simu isiyo na chaji, na watu wanampita kwa heshima. Nimejifunza kutompita. Namuuliza, kama shangazi alivyouliza, bila kuzunguka: mke yuko wapi, unalala usiku, unafikiria kujiua? Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia. Na kama anayesoma hapa ndiye aliye kwenye jiwe, namwomba asingoje kuulizwa. Amwambie mtu mmoja leo, kwa maneno mabaya mabaya tu, yasiyofanyiwa mazoezi.

Sasa Masika. Chai ilipokwisha kugawanywa alivuta kiti akaketi karibu nami, jambo ambalo mwanamke wa kule hafanyi mbele ya wanaume kama hana neno. Neema ameolewa hapa Beni, ana watoto wawili, na mama yake anaishi naye. Masika hakuolewa tena. Tulizungumza habari za wajukuu. Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema:

"Batu banafikiri nilimukataa. Miaka yote ile banafikiri vile."

"Mimi sikufikiri vile, Mama Neema."

"Wewe ulikuwa kijana, hukuwa unafikiri kitu." Alitabasamu kidogo. "Sikumukataa. Nilikuwa na hasira, ndiyo. Mais hasira ilikwisha mbio, wakati wa kupanda maharage haijafika. Kule nilikuwa nalia na mama, nalia na badada yangu mu shamba, tunalia, tunalima, jioni tunacheka. Ikaisha. Nikamwambia baba, namutaka bwana yangu. Akasema, bakuye tu, batu ya bwana yako. Nikamuuliza, na mbuzi ya kuomba radhi? Akasema, mbuzi ya nini, huyu mwanaume alifiwa na mutoto, mimi nimuombe mbuzi? Bakuye babili. Ata babili tu, bakunywe maji, mubebe vitu vyenu muende." Alikunja pindo la kitenge chake na kulikunjua. "Nilikuwa nawaza: hajanifuata, hanitaki. Njo vile nilikuwa nawaza. Mimi nilikuwa na batu ya kulia nabo, Yusufu. Yee alikuwa analia na nani?"

Aliinuka, akakusanya vikombe vya wanaume wa upande wangu, akaenda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa usafirishaji, na bei za barabara zile ninazo kichwani, mwaka kwa mwaka, hata zile ambazo hazina kazi tena. Mwaka ule pikipiki ya kwenda Vuhovi na kurudi Butembo ilikodiwa kwa dola tano. Kumrudisha Masika zingehitajika mbili: wanaume wawili kwenda, kila mmoja na yake, na wakati wa kurudi wanaume wabanane kwenye moja, Masika na mtoto kwenye nyingine. Kwenye kizuizi cha barabara kila pikipiki ililipa nusu dola kwa safari nzima. Dola kumi na moja.